Picha za Watoto wa Kiambi

Majirani waliona moshi, wakavunja kadena, ile kufuli, ya chumba cha mashine asubuhi ya Jumanne, wakaingia na ndoo za maji. Maji hayakuwa na kazi tena. Moto ulikuwa umezimika wenyewe kwa kukosa hewa. Aliyetangulia kuingia alitoka mbio, mikono kichwani.

Papa Cyprien, mlinzi wa Kituo cha Kutafutana, alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mlango. Vidole vyake vilikuwa vimeingia katika upenyo wa chini, kucha zimevunjika. Alikuwa amejaribu kutoka.

Inspekta Maimouna wa polisi ya upelelezi alifika kwa miguu, kwa sababu ofisi yake haikuwa mbali na bandari ya Kalemie. Alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi yake, hasa mwaka ule, vita ya Kivu ilipokuwa inashusha watu kwa mitumbwi na maboti kutoka Uvira na Baraka, wengine wakifika tayari wamekufa. Lakini vidole vile chini ya mlango vilimfanya achuchumae kuvitazama kimoja kimoja.

"Kadena mulivunja ninyi?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo, shefu," alijibu jirani mmoja. "Ilikuwa imefungwa. Imefungwa kabisa."

Maimouna aliiokota. Ilikuwa kadena ya kawaida, ya kubana tu kwa mkono. Haikuhitaji ufunguo kufungwa. Ilihitaji mtu aliye nje.

Mkurugenzi wa Kituo, Mama Alphonsine, alikuwa amekaa chini kwenye matope amemkumbatia mjane wa Cyprien, wote wawili wakilia. Kila mtu wa Kalemie alimjua Alphonsine. Tangu vita vya mishale vya mwaka 2017, Kituo chake kilikuwa kinakusanya picha na sauti za watoto waliopotezana na wazazi wao porini, na mamia ya watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani kupitia mikono yake. Kanisani walimwombea kwa jina. Msikitini pia.

"Ni umeme," alisema Alphonsine kupitia machozi. "Zile waya zimezeeka. Nilisema siku nyingi zitatuletea msiba."

Jirani aliyevunja kadena alishangaa. "Mama, umeme gani? Nguzo ya mtaa ilianguka na mvua tangu Jumapili. Mpaka sasa tuko giza."

Alphonsine alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Kweli. Nimechanganyikiwa."

Maimouna aliingia ndani. Rafu ya diski, zile zilizohifadhi picha zote, ilikuwa imeyeyuka na kuwa bonge jeusi. Pembeni palikuwa na kidumu cha esansi, petroli ya jenereta, kimekunjamana kwa joto, kifuniko kimefunguliwa na kuwekwa vizuri sakafuni. Nyuma ya rafu palikuwa na mkeka ulioungua nusu. Kibanda cha mlinzi uani kilikuwa kimejaa maji hadi kwenye kiti. Basi mzee alikuwa ameikimbia mvua, akaja kulala mahali pakavu. Aliyemwaga esansi pengine hakumwona. Lakini baadaye mzee aliamka, akafika mlangoni.

"Hamukusikia mutu anagonga?" Maimouna aliwauliza majirani.

Walisema hapana. Mvua ya jana jioni juu ya mabati ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu hakumsikia hata aliyeketi naye meza moja.

*

Mchana Maimouna alimtembelea Alphonsine nyumbani kwake, karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Msichana wa miaka kumi hivi alileta maji kwenye sinia, akapiga goti kidogo kwa heshima. Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kifupi, kimekatika kwenye kiungo.

"Asante, mwanangu. Jina lako nani?"

"Elodie, mama."

"Ndiye huyu tu Mungu aliniachia," alisema Alphonsine, akimtuma mtoto nje kwa macho. Baba wa Elodie, alieleza, alikufa zamani.

"Nani ana funguo za chumba cha mashine?"

"Miye na Valère, fundi wetu wa mashine. Yeye njo anashika picha zote. Lakini shefu, tangu asubuhi Valère haonekani. Simu imefungwa." Alishusha sauti. "Sipendi kumutaja mutu. Ni kijana mwema. Juzi tu alikuwa anamusaidia mama mmoja wa Kiambi anayetafuta binti yake. Miye hata sijamuona huyo mama, nilikuwa kwenye mikutano ya wakimbizi. Lakini kijana anaweza kupewa pesa."

"Na nani?"

"Unamujua Jean-Baptiste, mwenye malori? Iko picha yake ya wakati wa vita, amesimama katikati ya watoto wenye mishale. Mwaka jana alikuja Kituoni, akasema siku moja tutalia."

Maimouna alishukuru. Mlangoni Alphonsine alimshika mkono. "Shefu, picha za watoto wote zile. Tutafanya nini? Wazazi wao tutawaambia nini?"

Mkono wake ulikuwa unatetemeka kweli. Maimouna aliondoka akiwa na huruma naye.

*

Jean-Baptiste hakumkaribisha kukaa. Alikuwa amesimama kando ya lori lililoinuliwa kwa jeki, nguo zote matope.

"Nilijua mutakuja kwangu. Jana jioni nilikuwa Niemba, lori limezama mpaka ekseli. Uliza polisi wa kizuizi, walinisaidia kusukuma, wakanilipisha."

"Ulitisha watu wa Kituo."

"Nilitisha, ndiyo! Mutu gani anapenda picha kama ile?" Alitupa spana chini. "Lakini picha yangu ilipelekwa kwa majaji tangu mwaka jana. Majaji wanayo. Nichome leo nipate faida gani? Papa Cyprien alikuwa ananiuzia mahindi. Sina roho ya kumufungia mzee ndani ya moto."

Maimouna alipiga simu Niemba. Polisi wa kizuizi walithibitisha, wakicheka juu ya lori. Walipoambiwa kilichotokea waliacha kucheka.

Valère alikamatwa jioni ile ile bandarini, amejikunja kati ya magunia ya unga, akisubiri boti ya Kigoma. Hakupinga. Alipofikishwa ofisini alianguka kwenye kiti, akafunika uso.

"Nimemuua Papa Cyprien," alisema.

Polisi aliyesimama mlangoni aliinua kichwa.

"Umemuua namna gani?" aliuliza Maimouna kwa upole.

"Jana mchana alikuwa na homa, na kibanda chake kinavuja. Nikamwambia alale kwenye chumba cha mashine. Nikaacha kadena wazi, imening'inia, bila kumuambia mutu. Ni kinyume cha sheria. Asubuhi nikasikia wanasema mlinzi ameungua ndani na mlango umefungwa. Watasema nani kama si miye? Ufunguo ninao. Nikakimbia."

"Alphonsine alijua kwamba mzee analala humo?"

"Hapana. Hakuna aliyejua."

Maimouna aliyaandika hayo. "Picha zote zimekwisha, Valère. Watoto wote wale."

Kijana alishusha mikono kutoka usoni. Kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa badala ya kuogopa.

"Zimekwisha? Nani amesema zimekwisha?"

"Diski zimeyeyuka. Nimeziona."

"Zile ni za hapa. Iko akiba nyingine mbali, shefu. Kompani moja ya ng'ambo inatuwekea. Wana majengo makubwa, mashine maelfu na maelfu. Vitu ambavyo watu wanafungua kila siku vinakaa kwenye mashine zinazowaka. Vitu vya zamani, kama picha zetu, ambavyo vinaweza kukaa miaka bila mutu kuviuliza, wanavipeleka kwenye ghala lao la baridi."

"Baridi ya barafu?"

"Hapana, wanasema hivyo tu. Diski zake zimezimwa, zisile umeme bure. Zinaamshwa mutu akiomba kitu chake, kwa hiyo unangoja, mara nyingine siku nzima."

"Na diski hiyo ikiharibika wakati imelala? Ama jengo likiungua, kama letu?"

Valère alivuta karatasi iliyokuwa mezani, akaichana vipande kumi, akavipanga. "Picha moja wanaikata hivi. Kiisha wanapiga hesabu juu ya vipande hivi, wanatengeneza vingine vya akiba, tuseme vinne." Aliongeza vipande vinne. "Kila kimoja wanakiweka kwenye diski yake, vingine hata kwenye jengo lingine. Sasa choma vinne, vyovyote unavyotaka." Aliviondoa vinne kwa kiganja. "Vilivyobaki, ukivipigia hesabu, vinarudisha picha nzima. Na kila baada ya muda wanaamsha diski, wanaangalia kama kipande kimeoza. Kikioza, wanakitengeneza upya kutoka kwa wenzake."

Maimouna alitazama vile vipande kumi vilivyosalia. "Basi aliyechoma amefanya kazi bure."

"Bure kabisa." Valère aliomba simu yake irudishwe, aonyeshe. Aliandika neno la siri, akasubiri. Rangi ya uso wake ilibadilika.

"Mungu wangu. Imefutwa. Akaunti yote. Amri ilitolewa jana saa kumi na moja jioni, kwa jina langu."

"Nani anajua neno la siri?"

"Miye," alisema Valère taratibu, "na Mama Alphonsine. Lakini yeye hawezi. Yeye njo aliyekijenga Kituo."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Shefu, kama ni miye, ningekuambia kitu hiki?" Aligeuza simu ili Maimouna aone. "Tazama. Kufuta kwenye ghala hili si kupoteza. Wanatia alama tu, vipande vinabaki vimelala mwezi mzima kabla ya kuondolewa kweli, kusudi mwenye mali akijuta aombe. Naweza kuivunja amri hii sasa hivi."

"Ivunje."

Alibonyeza. Maimouna aliangalia vidole vyake. Havikusita. Aliyetoa amri ile alidhani kufuta ndiyo mwisho. Valère alijua kwamba si mwisho, na alikuwa amemweleza polisi kabla ya kuulizwa.

"Jana mchana," alisema Valère, "niliomba waniamshie picha za Kiambi, za wale waliovuka mto Luvua wakati wa vita vya mishale. Kwa ajili ya mama mmoja, Mama Emérance. Kompani ikajibu zitakuwa tayari kesho yake. Jibu kama hilo linafika kwangu, na kwa Mama Alphonsine pia."

*

Mama Emérance alikuwa amefikia kwa shemeji yake. Asubuhi ya Jumatano Maimouna alimkuta anafagia uwanja wa nyumba isiyo yake, mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa imara kichwani.

"Nimesikia moto," alisema, bila kuacha kufagia. "Miaka minane natafuta. Nilienda Manono, nilienda Nyunzu. Nikaambiwa Kalemie kuna picha. Siku niliyofika, siku ya pili picha zinaungua. Mungu ana mambo."

"Mama, ilikuwaje mwanzo?"

"Tulikimbia usiku, tukavuka Luvua kwa mitumbwi. Mutoto wangu nilimupitisha kwa mama mwingine kwenye mutumbwi wa mbele, kwetu kulijaa. Tulipofika ng'ambo, ule mutumbwi sikuuona tena. Wengine wakasema watu wake walipelekwa kambini. Nilipofika kambini, kulikuwa na kipindupindu, watu wametawanywa."

"Ulimueleza Valère mutoto yukoje?"

Emérance aliacha kufagia. "Hapana. Kule Manono nilieleza kila kitu, mwanamume mmoja akaniletea mutoto wa mutu mwingine aliyefundishwa jina la wangu. Nikaapa sitaeleza tena. Nilimuambia Valère: nionyeshe wote wa Kiambi, nitamutambua mwenyewe."

"Hukusema jina?"

"Sikusema."

"Hukusema kama ni mwanamume ama mwanamke?"

"Nilisema mutoto. Mutoto wangu. Basi. Hata shemeji yangu hapa hajui, tulikuwa hatujaonana tangu kabla ya kuzaa."

Maimouna alikumbuka maneno ya Alphonsine. *Mama mmoja wa Kiambi anayetafuta binti yake.* Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, bila kukaribishwa.

"Shefu, unaumwa?"

"Mama Emérance," alisema Maimouna, "mutoto wako ni msichana?"

Ufagio ulianguka. Yule mama aliitika kwa kichwa. Machozi yalimtoka.

*

Alasiri ile, mbali na polisi wa mlangoni, walikuwa wanne katika ofisi ya Maimouna: yeye mwenyewe, Valère na simu yake, Mama Emérance kwenye benchi la ukutani, na Alphonsine, aliyeambiwa aje kusikia habari za uchunguzi. Alimsalimia Emérance kama mgeni.

"Mama Alphonsine," alianza Maimouna, "jana uliniambia hujamuona huyu mama."

"Ndiyo kwanza namuona leo."

"Na Valère alikuambia nini juu yake?"

"Kwamba mama mmoja wa Kiambi amekuja, basi. Kiisha niliona jibu la kompani, kwamba ameomba picha za Kiambi."

"Jibu hilo linasema anatafuta nani?"

"Hapana. Linasema picha za Kiambi tu."

"Basi nani alikuambia anatafuta binti?"

Alphonsine alifungua mdomo. "Nilisema mutoto."

"Ulisema binti. Huyu mama hajamuambia mutu yeyote Kalemie kama mutoto wake ni mwanamume ama mwanamke. Hata Valère. Ni mutu mmoja tu angeweza kujua."

"Ulimi huteleza, shefu. Utanifunga juu ya neno moja?" Alphonsine aliinuka, na sauti yake ilipanda. "Miye niliyerudisha watoto wa nchi nzima? Picha zimeungua, mlinzi wangu amekufa, na ninyi munacheza na maneno!"

"Hazikuungua, Mama," alisema Valère. Alikuwa analia. "Nilivunja amri ya kufuta, nikaziomba upya. Zimeamka. Zimefika saa ile ile ulipoingia."

Aliweka simu mezani. Maimouna hakuigusa. Emérance alinyanyuka kwenye benchi, akaja, akainama, na Valère akaanza kupitisha picha moja moja: watoto wenye vumbi, watoto wenye matumbo makubwa, watoto waliotazama kamera bila kuelewa. Mama yule alikuwa anatikisa kichwa kwa kila mmoja, akinong'ona, "Hapana, masikini. Hapana. Hapana."

Kisha aliukamata mkono wa Valère.

Ilikuwa picha ya mtoto wa kike wa miaka miwili, amebebwa na mwanamke kijana aliyevaa fulana ya wafanyakazi wa kujitolea. Mtoto alikuwa ameshika shingo ya yule mwanamke kwa nguvu. Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimekatika kwenye kiungo.

"Ngoie," alisema Emérance. "Kinu kilimukata. Nilikuwa natwanga, akaweka mukono. Ngoie wangu."

Mwanamke kijana katika picha alikuwa Alphonsine.

Kelele za bandari ziliingia dirishani, mtu anaita wapagazi. Alphonsine aliketi polepole, kama mtu anayeshuka ndani ya maji.

"Mutoto wangu alikufa siku tatu kabla," alisema. "Kipindupindu, kambini mule mule. Jina lake Elodie. Kiisha wakaniletea huyu nimupeleke kupigwa picha. Akanishika shingo, akakataa kuniachia. Nilisema nitalala naye usiku mmoja tu. Kiisha nikawaambia wakubwa kwamba jamaa zake wamepatikana." Alimgeukia Emérance, lakini hakuweza kumtazama. "Nikafungua Kituo, nikapewa picha zote za kambi. Nilifikiri nikirudisha wengi, Mungu atanisamehe huyu mmoja. Miaka minane hakuna aliyezifungua zile picha. Jumatatu nikaona jibu la kompani. Nikafuta. Lakini za hapa zilibaki, na kama ningetoa za Kiambi tu, Valère angeuliza. Moto hauulizwi."

"Watoto wote wale," alisema Valère. "Ungewapoteza wote?"

"Wote," alisema Alphonsine. "Kwa ajili yake, wote."

"Na Papa Cyprien?" aliuliza Maimouna.

"Sikujua yuko ndani. Naapa. Nilikuta kadena wazi, nikasema Valère amesahau. Nilimwaga, nikawasha, nikabana kadena, watu wasiingie kuzima."

Maimouna alimsogelea. Swali hili alikuwa nalo tangu asubuhi ya jana. "Ulipobana kadena, uliondoka mara moja?"

Alphonsine alitikisa kichwa.

"Aligonga," alisema. "Nilikuwa nimefika hatua chache tu. Aligonga, akaita, *Valère, Valère, fungua.* Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Nilirudi mpaka mlangoni. Nikafikiri: nikimutoa, atasema alimuona nani. Nikasimama pale kwenye mvua. Kiisha hakugonga tena."

Polisi wa mlangoni alijikuta amevua kofia. Valère alitoka nje mbio. Mama Emérance, ambaye kwa miaka minane alikuwa amejiandaa kumlaani mtu huyu akimpata, alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, mkono mdomoni.

Maimouna mwenyewe alimfunga Alphonsine pingu. Mikono ile aliyoionea huruma jana ilikuwa imetulia sasa.

"Shefu," alisema Alphonsine akitolewa, "ana njaa saa hizi. Ametoka masomoni."

*

Walifika nyumbani kwake karibu na Lukuga jua likiwa bado juu. Maimouna alikuwa amemwita mama wa ustawi wa jamii, lakini huyo alikuwa bado njiani. Alimwambia Emérance angoje barabarani. Emérance alisikia, akaitika, kisha akamfuata nyuma.

Msichana alikuwa ameketi kizingitini na ungo wa ndakala, dagaa wakavu, mapajani, anachagua mawe.

"Shikamoo, mama. Mama hayuko, ameitwa kwenye biro ya polisi." Alimtazama Maimouna vizuri. "Si ni wewe wa jana? Mama iko wapi?"

Maimouna alikuwa ameuliza maswali tangu jana bila kukwama. Sasa aliulizwa moja, akageuka kutazama barabara, kama mama wa ustawi wa jamii anakuja.

Emérance alipita pembeni yake. Hakumshika mtoto, hakumwita kwa jina lolote. Aliangalia kile kidole kifupi kikitembea kati ya samaki, akakunja kitenge chake, akaketi chini kwenye vumbi, upande wa pili wa ungo.

"Nikusaidie?" aliuliza.

Mtoto alisita, akamtazama Maimouna, kisha akasogeza ungo kidogo. Emérance alianza kuchagua mawe.

"Na vichwa pia," alisema msichana. "Mama anatoa vichwa."

"Haya," alisema Emérance, akaanza kutoa vichwa.